Tafuta Aliyepata Kuku

Mwaka wa sabini, nchi ilipofunguka na jamaa zetu wa Unguja wakaanza kushuka Maskati kwa makundi, nyumba yetu ya Matrah haikuwa ikipoa. Wanawake walikuja na bahasha zao kifuani, wakakaa mkekani, wakanywa kahawa, na kila mmoja alikuwa na kilio kile kile: jamaa wa huku hawamtambui, jina la mama yake au bibi yake halimo katika karatasi za mirathi. Mama yangu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza kwa uso mkavu, "Mirathi mshaitazama. Haya, na kuku kapewa nani?"

Wageni walitazamana. Mmoja alinifuata jikoni akaninong'oneza kama bibi huyu yu mzima wa akili. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, maana maneno yale hayakuwa ya mama, wala ya Omani, wala ya Unguja. Yalikuwa ya mwanamke wa Welisi, nchi iliyopakana na Uingereza, na mimi ndiye niliyeyaleta nyumbani.

Sisi tulitangulia. Tulifika mwaka wa sitini na nne, mama na mimi, na masanduku mawili, moja likiwa na vyombo ambavyo nusu yake vilivunjika njiani. Baba yangu alikuwa Mngazija, naye alikuwa keshatangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma, kwa hiyo huku hatukuwa na mtu ila kwa upande wa mama. Babu yangu mzaa mama alitoka kijiji kimoja cha bara ya Omani akiwa kijana, akaja Unguja, akaoa, akamzaa mama, na homa ikamchukua kabla mwanawe hajajua kumwita baba. Mama hakuwahi kuiona Omani hata kwenye picha. Lakini alilelewa na hadithi za kijiji kile, na majina ya babu zake saba alikuwa akiyataja mfululizo bila kuvuta pumzi.

Kumbe majina saba hayatoshi. Katika ofisi ya liwali walituambia kwa adabu kabisa kwamba anatakiwa mtu wa kabila aje aseme, "Huyu ni wetu." Mpaka hapo tutapewa karatasi ya mgeni, ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha turudi kuomba mwingine. Kila mwaka nilifuatana na mama kwenda kuibadilisha, na kila mwaka alirudi nyumbani amekaza midomo.

"Kule nimeondoka kwa kuwa Mwarabu," aliniambia siku moja. "Huku naambiwa mgeni. Basi mie kwetu wapi?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira nilizaliwa nazo, sikuziokota njiani.

Tulipeleka salamu kijijini kwa madereva wa malori, na mwaka wa sitini na saba akaja ami yake mama, mdogo wake yule babu yangu. Ndugu zake wengine wote walikuwa wameshakufa. Alimpita mama kwa miaka michache tu, maana mzee wao alioa tena ukubwani, lakini ndevu zilikuwa nyeupe pe. Alikuja Matrah kuuza tende, akapita kwetu na mfuko wa ndimu kavu za zawadi. Na lazima niseme haki: hakuja mikono mitupu kwa upande wa ushahidi pia. Alikuja na karatasi ya mirathi ya baba yake, yaani babu yake mama, akaikunjua juu ya mkeka na kuisoma mbele yetu, kwa Kiarabu, polepole, kuanzia bismillahi mpaka majina ya mashahidi. Mitende kwa fulani, nyumba kwa fulani, maji kwa fulani, thumni ya mjane. Jina la mama halikuwamo.

"Ndugu yangu alifia Sawahil, huko pwani kwenu, hilo tunalijua," alisema. "Kwamba aliacha mtoto, mimi sikuambiwa. Siku hizi wanakuja wengi, kila mtu na hadithi yake. Tazama mwenyewe, binti wa watu."

Binti wa watu. Ni neno la heshima, ndivyo anavyoitwa mwanamke usiyemjua. Mama alimmiminia kahawa. Alipoondoka, mama alikunja mkeka, akaketi kwenye sakafu tupu, na siku ile hakutia kitu kinywani. Mimi nilitaka kumkimbilia yule mzee sokoni nimrushie ndimu zake moja moja.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi kwa Bibi Mwelisi. Hilo ndilo jina tulilompa nyumbani. Mumewe alifanya kazi katika ofisi moja ya Waingereza, nao walikaa Maskati yenyewe, ndani ya ukuta, katika nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya kutazama bandari. Kila asubuhi nilivuka mlima kutoka Matrah kwa gari la abiria, na alasiri nikarudi. Nilichukuliwa kwa sababu nilisoma Kiingereza skuli Unguja, na kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa nikijisifu kwa mwandiko ule, na bado najisifu.

Macho ya Bibi Mwelisi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa na kazi moja aliyotaka kuimaliza kabla hayajafunga kabisa: kutafuta asili yake. Kule kwao alikuwa na binamu, mwanamke asiyeolewa, aliyezunguka kanisa kwa kanisa na ofisi kwa ofisi akinakili daftari za zamani. Kwao, zamani, kanisa ndilo lililoandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kazikwa. Binamu yule alinakili hayo, na wasia za watu waliokufa miaka mia mbili nyuma akazipiga picha, akavitia vyote katika bahasha nene na kuvituma Maskati. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kwa sauti, nikishika kioo cha kukuzia maandishi, na kuandika upya kwa herufi kubwa zile alizoweza kuziona.

Siku ya kwanza alinieleza kwamba watu wa kwao zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, mpaka serikali ya Waingereza ilipowalazimisha kushika jina moja, na tangu hapo nasaba zao zikawavurugikia.

"Bibi," nilimwambia, "kumbe nyinyi Waarabu."

Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Tangu siku ile tulielewana.

Aliyekuwa akimtafuta ni nyanya wa nyanya yake. Nyumbani kwao ilisemwa kwamba mwanamke yule hakuwa na kwao, aliokotwa, akaolewa na mtu mwenye huruma. Neno hilo lilimuuma Bibi Mwelisi kama jambo la jana. Mimi nilidhani Wazungu hawaumwi na mambo hayo. Miaka miwili tuliperuzi daftari za ubatizo za parokia yake na za jirani, na hatukumwona.

Nilichoka, nasema kweli. Na zaidi nilichoshwa na zile wasia. Mtu anamkabidhi Mungu roho yake, sawa. Anamwachia shamba mwanawe mkubwa, sawa. Kisha badala ya kunyamaza afe, anaanza: sufuria ya shaba kwa fulani, kitanda cha manyoya kwa fulani, kondoo mmoja asiye na pembe kwa mtoto wa jirani, sketi ya sufu iliyo kuukuu kidogo kwa mpishi. Niliona ni upuuzi, nikaanza kuruka. Nilisoma shamba limekwenda kwa nani, nikafunua ukurasa.

"Umeruka," alisema Bibi Mwelisi. Macho hayakuona, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Bibi, ni kuku tu na masufuria."

"Wenye shamba nawajua tayari. Wameandikwa kila pahali, kanisani, kwa hakimu, mpaka kwenye mawe ya makaburi. Mimi namtafuta asiyejulikana. Usimtafute aliyepata shamba, binti. Tafuta aliyepata kuku."

Nikarudi nyuma, huku nimenuna, nikasoma kuku wote.

Na Mungu hamtupi mja wake. Haikupita miezi miwili, katika wasia wa mjane mmoja wa parokia ya mbali ambayo hatukuwahi hata kuifikiria, mwisho kabisa, baada ya vijiko, nikasoma: kwa binti wa marehemu ndugu yangu, anayekaa nami tangu utoto, namwachia kuku wangu mweusi na vifaranga vyake. Kisha jina. Ndilo lile. Na jina la baba yake, na la kijiji chao.

Bibi Mwelisi alinifanya nisome mara tatu. Halafu akainuka, akashika meza, akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hakuokotwa!" aliniambia. "Alikuwa na shangazi! Alikuwa na kuku!"

Mimi nilikuwa nimeganda na kioo mkononi. Binti wa marehemu ndugu yangu. Mama yangu naye ni binti wa marehemu. Baba yake alikufa Unguja, na babu yake, kule kijijini, alikufa baadaye. Sasa nani asiyejua sheria? Mjukuu ambaye baba yake ametangulia hapati kitu katika mirathi ya babu maadamu wako watoto wa kiume wa babu walio hai. Nilifundishwa hilo chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa na meno ya utoto. Basi jina la mama lingeingiaje katika karatasi ile? Sote, mama, ami yake, na mimi mwenye akili nyingi, tulikuwa tumemtafuta katika karatasi pekee ambayo sheria yenyewe haikumruhusu kuwamo.

Lakini mtu hufa na karatasi mbili. Iko ya mirathi, inayoandikwa na wengine baada yake. Na uko wasia, anaouandika mwenyewe. Na wazee wa madhehebu yetu ya Kiibadhi wanaliona ni jambo la lazima, mtu akihisi safari imekaribia, kuwaachia chochote jamaa zake wa karibu wasiorithi. Chochote, hata kama ni kidogo. Huyo ndiye kuku wetu. Tangu tufike hakuna hata mmoja aliyeuliza: wasia uko wapi?

Niliomba ruhusa nikaondoka mapema. Bibi Mwelisi, alipojua ninachokwenda kukitafuta, alinitia kioo chake mkononi. "Lete habari," alisema, "na usiruke."

Ami alipokuja tena na tende zake, nilimuuliza kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Mama alinikanyaga mguu, sikujali. Alikunja uso.

"Wasia wa baba ulishatekelezwa zamani. Msimamizi alikuwa kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu."

"Wewe umeusoma, sheikh?"

Aliweka kikombe chini. "Nilikuwa bado mtoto wa chuo."

"Basi twende tukausome."

Alinitazama mimi, akamtazama mama, kama anayepima uzito. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyetaka kudanganywa, na mimi nikiwa mahali pake ningekuwa mkali zaidi. "Gari langu linarudi kesho kutwa," alisema. "Njooni. Jina lake likiwemo, karatasi ile nitaibeba kichwani mbele ya watu. Lisipokuwemo, binti wa watu, usinitumie tena salamu."

"Nimekubali," mama alijibu. Alisema haraka kuliko nilivyotaka. Nilijua kwamba asipoonekana katika karatasi ile hatakwenda tena kwa liwali. Ataomba meli yoyote ya kwenda popote, na mlango utakuwa umefungwa.

Safari ilituchukua siku nzima juu ya lori, bondeni, tukila vumbi. Asubuhi yake ami alifungua sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, akatoa mkebe wa bati, na ndani yake karatasi iliyokunjwa, pembe zake zimeliwa na mchwa. Mkewe na majirani wawili walikuja wakakaa mlangoni. Ami aliishika karatasi mbali, akaileta karibu, akaitikisa. Mwandiko ulikuwa wa zamani, herufi zimebanana, nukta hazipo.

"Lete," nilisema.

Hakuna mtu pale aliyeamini kwamba msichana wa Unguja ataisoma. Lakini mimi nilikuwa nimeshinda miaka mitatu na miandiko ya makasisi walevi wa Welisi. Nilijua kazi hii: shika herufi unazozijua kwanza, kisha uzitumie kuzikamata usizozijua. Nikatoa kioo.

Mzee mwenye wasia alikuwa mwingi wa khofu ya Mungu. Aliagiza afungiwe saumu miezi miwili, ahijiwe, itolewe kafara ya viapo vyake. Aliagiza kahawa na tende kwa wachimba kaburi. Aliagiza kikapu cha tende kwa jirani ambaye mbuzi wake huenda alimpiga jiwe bila ya haki. Nilisoma yote. Jua lilianza kuingia uani na ami akaanza kujinyoosha magoti.

"Ruka hayo," alisema. "Nenda kwenye mali."

"Hapa harukwi mtu, sheikh," nilimjibu, na mama akanikanyaga tena.

Mstari wa tatu kutoka chini, pale mchwa walipoishia, palikuwa na jamaa wa karibu wasiorithi. Shangazi mmoja, mitende miwili. Mtoto wa dada, jambia. Halafu nikasoma, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine: *na kwa binti wa mwanangu aliyefia Sawahil*, na jina la mama yangu, lote, lake na la baba yake, *nusu saa ya maji ya falaji, ya mchana, iwe yake popote alipo.*

Falaji ndio mfereji wa kijiji. Maji yake hugawiwa kwa saa, na kila mwenye haki ana zamu yake iliyoandikwa. Mama alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Babu ambaye hakumwona hata siku moja alikuwa akimjua. Alijua jina lake. Alilala kitandani akiwa mahututi na akamtaja.

Ami aliinuka. Alimtuma mtu kumwita msimamizi wa falaji aje na daftari. Akaja mzee mmoja mkavu, akafunua, akafuata mstari kwa kidole. "Nusu saa ya mchana," alisema. "Hii si ndiyo Maji ya Sawahil?"

Kijiji kizima kilikuwa kikiiita hivyo, wakubwa kwa wadogo, kama mtu anavyoutaja mtaa bila ya kujiuliza jina limetoka wapi. Mwenyewe hayupo, kwa hiyo kila zamu ilipofika maji yale yaliuzwa kwa anayeyataka, na fedha zikawekwa msikitini. Niliuliza ni nani aliyekuwa akiyanunua. Msimamizi wa falaji akakohoa, akamtazama ami.

Miaka yote ile mitende ya ami ilikuwa ikinywa maji ya mama yangu!

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kwanza aliona haya, kisha akacheka, kisha akalia, vyote kwa pamoja, na ndevu zake zikalowa. Halafu akaichukua karatasi, akaiweka juu ya kilemba, akaishikilia kwa mikono miwili, akatoka nayo mlangoni. Mzee mzima alikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi kichwani akipiga kelele, "Ndugu yangu ana mtoto! Ndugu yangu ana mtoto!" Wanawake wakapiga vigelegele kutoka kila ua. Mimi nilipiga kuliko wote, na sioni haya kusema hivyo.

Barua ya kumpa liwali ami aliiandikisha siku ile ile, akatia dole gumba lake na mashahidi wawili wakatia yao. Lakini hakutuacha tuondoke. Zamu ya Maji ya Sawahil ilikuwa baada ya siku nne.

Siku ya nne, asubuhi wakati wa dhuha, tulisimama mferejini. Msimamizi wa falaji alikuwa amechuchumaa karibu na kijiti chake cha kupimia saa akitazama kivuli kinavyosogea kwenye mawe. Nusu ya kijiji ilikuwa pale, kila mmoja na sababu yake ya kupita. Kivuli kikagusa jiwe. Ami akainua mkono.

"Fungua!" aliita. "Maji ya binti wa ndugu yangu!"

Zibo la mfereji likaondolewa, na maji yakaja. Mama alivua viatu, akapandisha suruali ya marinda, akaingia ndani ya mfereji na buibui lake, maji yakamfika kwenye muundi. Alikuwa akicheka. Tangu tuondoke Unguja sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, kwa tumbo.

"Unayapeleka wapi, mwanangu?" ami alimuuliza, maana mama hakuwa na hata mtende mmoja.

"Yaache yende kwenye mitende yako, ami," mama alijibu. "Yashaizoea njia."

Alisimama mle nusu saa nzima, hakutoka hata dakika moja kabla. Kivuli kilipofika jiwe la pili alinigeukia, miguu imekunjamana kwa baridi, uso unamwaka.

"Ukirudi Maskati," alisema, "kamwambie Mwelisi wako, kuku nimempata."